Kifundo chenye Masikio Mawili

15 Septemba

Assistant Isidore ametuamuru kila mmoja awe na daftari ya kazi: leo nimefanya nini, nimekuta kosa gani, nimelitatua vipi. Ile naiandika kwa Kifaransa safi, yeye aisome. Hii ni yangu, na humu nitasema ninavyotaka. Kwa kuanza: mvua imenyesha siku nne mfululizo, salle ya mashine inanuka soksi, na Assistant Isidore ana suruali moja tu ya kufundishia.

Tuko kumi na mmoja katika promotion ya mwaka huu, mashine ziko sita, na courant ya umeme inakuja ikijisikia. Kozi ya kutengeneza michezo ya video ndiyo mara ya kwanza kufundishwa hapa kwetu kando ya ziwa. Mwisho wa Novemba kila mmoja ataonyesha mchezo wake mbele ya jury, na atakayeanguka atarudia mwaka. Mimi sirudii. Papa alikufa nikiwa mdogo, na kaka yangu Valens ndiye anashuka kutoka milimani kila juma la pili, gunia la maharagwe mgongoni, ili mimi nikae hapa nikibonyeza mashine. Sitamwambia aanze upya.

18 Septemba

Mvua. Hakuna courant.

22 Septemba

Valens alifika saa nne asubuhi, matope mpaka magotini, anacheka. Yeye anacheka hata pasipo cha kuchekesha. Kahambu, ninayekaa naye chumba kimoja, alimpa chai. Kahambu ni Mnande, si mtu wa milimani kwetu. Wazazi wake wana duka kule Mubi, njia ya Walikale, na kaka yake Esdras ana kiosque hapa sokoni, anapakia nyimbo na filamu kwenye telefone za watu.

"Kaka Valens, wale wenye bunduki wa barriere walikuacha aje?" Kahambu akamuuliza.

"Barriere? Na haya mabega yangu? Wakiniona, wananibebesha masanduku yao mpaka Walikale. Sisi tunapita kwa Mama Adr..." Akakatiza hapo, akasifu chai.

Kwetu jambo hili halisemwi, lakini daftari haina mdomo. Mama Adrienne ni mjane, nyumba yake ni ya mwisho, juu ya malisho ya ng'ombe. Kila alfajiri anatembea peke yake kwenye njia ya mianzi inayozunguka barriere. Akikuta hakuna mwenye silaha, anafunga kifundo cha majani pale njia inapoachana na barabara. Ukiona kifundo, pita. Usipokiona, rudi nyumbani ukalale. Hajakosea hata siku moja. Tangu utoto namuogopa. Hasalimii watoto, hacheki, na ukimuita "Mama" anakuangalia kama umemuibia kuku.

30 Septemba

Niveau ya kwanza, hatua ya kwanza ya mchezo wangu, inatembea! Mama mmoja, kikapu cha maharagwe, mlima, matope. Lazima afike sokoni kabla mvua haijamuozesha mzigo. Mawee, jinsi anavyoteleza!

6 Oktoba

Valens amecheza. Alimuangusha mama wa watu mara tisa kwenye tope lile lile.

"Huyu mama wako iko mulevi!" akasema.

"Ni vidole vyako, kaka. Unabonyeza kama unapanda mihogo."

"Bon. Uniweke na mimi ndani, basi. Muntu wa kutembea muzuri."

Nilimwambia nitampatia surprise kwenye niveau ya tatu. Alipoondoka alipiga ule mluzi wake wa kuitia mbwa, nikaunasa na telefone bila yeye kujua.

9 Oktoba

Niveau ya tatu ina barriere. Kahambu ameicheza toka asubuhi na kila mara anakamatwa. Mwishoni alinitupia telefone kitandani.

"Hii haiko game, Adelaïde. Hii iko barriere tu. Game lazima ikuwe na njia ya kupita!"

Nilikasirika kwa sababu ni kweli. Assistant naye alisema hivyo hivyo, akaongeza: "Mademoiselle Kasika, chora kile unachokijua. Jury haitaki majumba ya Ulaya."

11 Oktoba

Nimechora ninachokijua. Malisho, uzio wa miti, mianzi, na pale njia zinapoachana, kifundo.

Kukichora kulinitesa mchana kutwa. Kifundo cha Mama Adrienne kinazungushwa mara mbili na ncha zinafichwa ndani, ng'ombe wasivute. Lakini picha yangu ina vidoti kumi na sita kwa kumi na sita tu, na humo kifundo cha kweli kinaonekana kama mavi ya mbuzi. Nikakipa masikio mawili, kama kamba ya kiatu. Sasa kinaonekana vizuri sana. Nikaandika condition, lile sharti la mashine: kama kifundo kipo, mianzi inafunguka na mluzi wa Valens unalia, la sivyo, njia inabaki imefungwa.

Nilijiuliza kidogo kama inafaa. Halafu nikajiambia: mlima ni mlima, mianzi ni mianzi, nani atajua ni kwetu? Na niveau ilikuwa nzuri. Acha niseme ukweli wote: ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

12 Oktoba

Kahambu amepita! Alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

17 Oktoba

Siku ya majaribio. Wenzangu wote waliganda kwenye barriere, halafu mmoja baada ya mwingine wakagundua kifundo, na kila aliyegundua alijiona mwerevu wa dunia. Assistant Isidore alicheza mwenyewe mara mbili. "Condition ndogo, lakini imebeba mchezo wote," alisema. Nilirudi nyumbani bila kusikia mvua.

Kahambu ameipeleka kwenye kiosque ya Esdras. Atakayekuja kupakia nyimbo atapewa na mchezo wangu juu yake.

20 Oktoba

Valens alikuja mbiombio, mawingu yalikuwa meusi, akaacha gunia, akageuka. Nilimwambia surprise iko tayari. "Nitacheza nikirudi," akasema. Nilimkasirikia kidogo.

Jioni Kahambu aliniletea habari: mchezo umefika Mubi na madereva, watu wanaucheza wakingoja magari yachomolewe kwenye matope. "Na hapa je! Esdras anasema hata wale wa juu wenye bunduki, wakishuka kupakia nyimbo, wanaiomba. 'Tupatie ile ya mama wa maharagwe.'"

Nilicheka. Nikasema, hata wao! Nilifurahi, naandika kama ilivyokuwa.

26 Oktoba

Mvua imebomoa choo cha jirani. Nimesahihisha rangi ya mawingu.

3 Novemba

Ni siku ya Valens. Hajafika. Mvua.

4 Novemba

Hajafika.

5 Novemba

Hajafika. Telefone yake inasema haipatikani. Kahambu anasema huenda mto umejaa. Mto wenyewe ni wa kuruka na mguu mmoja.

6 Novemba

Mama amepiga. Alipanda mpaka kwenye mti wa juu kabisa kutafuta réseau ya telefone, nilisikia upepo kuliko sauti yake.

"Wamemubeba Valens."

"Nani, mama? Wapi?"

"Wale wa barriere, kwa njia ya mianzi. Jumatatu. Yeye, na Prince wa jirani, na mwingine wa ng'ambo. Walikuwa wamekaa ndani wanawangoja. Na kifundo ilikuwa pale, Adelaïde. Watu wameiona. Kifundo ilikuwa pale!"

Halafu akalia, na réseau ikakatika akiwa analia.

7 Novemba

Sikulala, sikula. Nataka kupanda nyumbani. Mama amenikataza: "Nibaki na mumoja hata."

10 Novemba

Kule kwetu wameshapata jibu. Mama Adrienne anakana, anasema siku hiyo hakufunga kitu, alisikia watu wakikohoa kwenye mianzi akarudi kwake. Nani atamwamini? Kifundo anakifunga yeye. Mimi nasema aliwauza. Labda walimtisha, labda walimpa sukari, sijui. Ndiyo maana hakuwa anatusalimia, kumbe alikuwa anatupima mabega. Namchukia.

13 Novemba

Vijana wameng'oa maharagwe ya Mama Adrienne, shamba zima, yakiwa kwenye maua. Mama ameniambia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona aibu. Mimi nilisema: vizuri.

14 Novemba

Mvua. Assistant anauliza niko wapi na kazi.

19 Novemba

Leo asubuhi Kahambu aliniamsha: Prince ameonekana! Amelazwa Kirotshe, hospitalini. Nilikimbia kando ya ziwa bila mwavuli, viatu mkononi.

Nilimkuta amelala chali, mguu umefungwa bandeji nene, mashavu yameingia ndani. Prince ni rika la Valens, walipanda miti pamoja. Aliponiona tu akageuza uso ukutani, na hapo nikajua kabla hajasema.

"Siku ya tatu," alisema. "Tulikuwa tunavuka mto, upande wa Walikale. Maji yalikuwa mengi, ya rangi ya chai. Walitutandikia kamba. Valens alikuwa na sanduku kichwani, anaimba kimchezo ili tusiogope. Kamba ikakatika. Niliona mukono. Halafu hata mukono sikuiona."

"Walimtafuta?"

"Walilia sanduku yao."

Prince alitoroka usiku ule na kukata mguu kwenye jiwe. Nilikaa kwenye kitanda chake nikamshika kidole cha mguu mzima, sijui kwa nini kidole. Tulilia wote wawili. Yule mama wa kitanda cha pili naye akalia, na hatumjui hata jina.

Baadaye nikamuuliza, maana nilitaka chuki yangu ishibe: "Na kifundo mulikiona kweli?"

"Tuliiona. Valens njo alikuwa mbele. Mimi nilimuambia, kaka, hii kifundo iko namna gani leo? Akasema, Mama Adrienne alikuwa na haraka. Akaingia."

"Namna gani, namna gani?"

Prince akashika ncha ya shuka. Hakuizungusha mara mbili, hakuficha kitu ndani. Aliikunja, akaikunja tena, akaivuta polepole kama mtu anayefunga kiatu cha mtoto. Ikasimama pale juu ya shuka, ina masikio mawili.

Ile haikuwa ya Mama Adrienne. Hakuna mtu kwetu anayefunga vile. Kifundo kile kilifungwa na mimi, tarehe kumi na moja Oktoba, ndani ya vidoti kumi na sita. Wale wenye bunduki walicheza mchezo wangu, wakaijua ile njia, wakajua kifundo kina maana gani, wakakifunga kama nilivyowafundisha. Assistant alitueleza kwamba condition haiulizi nani ameandika "vrai", yaani "kweli". Ikiona "vrai", inafungua. Kaka yangu aliona kifundo, akaingia.

"Yule mama alituuza," Prince alisema.

Mimi nilikuwa naangalia shuka. Nikasema, "Lala, kaka." Nikatoka.

20 Novemba

Mvua.

21 Novemba

Mvua. Mama amepiga. Kilio kimeanza, bila maiti. Akaniuliza, "Unakuja?"

Nikasema, "Mama, niko na jury tarehe ishirini na tano."

Akasema, "Soma, mwanangu. Njo Valens alitaka."

Mimi ni mwoga. Naandika hapa kwa sababu pengine siwezi.

22 Novemba

Nilikwenda kwa Esdras nikamwambia afute mchezo.

"Kwa nini, dada? Watu wanaipenda!"

"Ina kosa."

"Kosa gani? Mimi niliimaliza juzi, inatembea muzuri sana."

Na ndivyo ilivyo, haina kosa. Alifuta kwenye mashine yake mbele ya macho yangu, kwa sababu ni kijana mwema. Halafu akanionyesha barabara kwa mkono: "Lakini wale nilioshawapatia, nitawafuata wapi? Na wale wa Mubi? Wanapashana wenyewe kwa wenyewe." Nilisimama pale nikiangalia watu wakipita na telefone zao mikononi.

25 Novemba

Jury. Wazee watatu, koti tatu. Nilitaka kuwapa mchezo bila niveau ya tatu, lakini Assistant Isidore alikuwa ameshaweka ule wa zamani kwenye mashine, kwa wema wake. Président wa jury alikamatwa kwenye barriere mara nne, akatoka jasho, halafu akaona kifundo. Mluzi wa kaka yangu ukalia mbele ya watu wote. Président akapiga makofi kama mtoto.

"Hiki kifundo, mademoiselle, umekitoa wapi?"

"Nimebuni," nikasema.

Wamenipa kumi na saba juu ya ishirini. Hakuna aliyepata zaidi. Kahambu alinikumbatia, na nilipoanza kulia alidhani ni furaha na msiba vimechanganyika. Nikamwambia yote pale pale, nyuma ya salle, kwenye matone ya bati. Aliniachia. Halafu akasema, "Na ule mama iko anateseka sasa hivi, wakati siye tunaongea."

Kahambu huyo huyo niliyezoea kumuita mjinga wa nyimbo na nywele.

29 Novemba

Naandika nyumbani, jikoni kwa mama.

Jana nilipanda. Nilipita kwenye barriere kama wanawake wote siku hizi, maana njia ya mianzi imekufa, hakuna anayethubutu. Tulipanga foleni kwenye mvua. Mmoja wao alikuwa amekaa chini ya bâche ya turubai, telefone mkononi, na nikausikia ule mluzi. Akatabasamu mwenyewe, akaanza upya. Mimi nilipita nikiangalia visigino vya mwanamke wa mbele yangu.

Ilikuwa siku ya kumaliza kilio. Watu walijaa mbele ya nyumba, wanaume kwenye mabenchi, mama kwenye mkeka katikati ya wanawake. Waliponiona walipaza sauti, nikaanguka kwenye mkeka kando ya mama, akanifunika na kitenge chake. Alikuwa amekonda. Alininong'oneza, "Wanasema ulikuwa wa kwanza kwa jury. Valens angeruka."

Ndipo nikamuona Mama Adrienne. Alisimama barabarani, nje ya ua, mzigo wa kuni kichwani, analowa. Kwetu mfiwa anapelekewa kuni. Jirani akaniambia ni siku ya sita anakuja nazo, na kila siku wanamfukuza. Kijana mmoja aliinuka kwenye benchi: "Rudi kwako, weye muuzaji wa watu! Hata leo hauna haya?" Akaokota udongo. Mama Adrienne hakuondoka. Macho yake ni yale yale yaliyokuwa yananiogopesha, na jana niliona ni macho ya mtu aliyechoka kuamka alfajiri kwa ajili ya wengine.

Nilisimama. Sikupanga maneno.

"Muache," nikasema. "Haiko yeye. Ni mimi."

Walidhani msiba umenipanda kichwani. Wanawake wakanivuta nguo, "Kaa, mwanangu, kaa." Nikatoa telefone. Nikasema yote: mchezo, barriere, kifundo, masikio mawili, kiosque, shuka ya Prince. Sikujua kama nasema kwa sauti ao nalia tu, lakini walisikia, kwa sababu yule kijana aliacha udongo ukaanguka.

Mama yangu akanyoosha mkono. "Leta nione."

Nilimpa. Hajawahi kushika mchezo maishani mwake. Aliangalia malisho, akaangalia uzio. "Iko kwetu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na hii?" Akaweka ukucha juu ya masikio mawili.

Mluzi ukalia. Mama alishtuka mwili mzima, maana mluzi ule anaujua. Mianzi ikafunguka, na yule mama wa maharagwe, jinsi nilivyomtengeneza, akaanza kutembea mwenyewe kuingia ndani.

"Hapana," mama akasema. Akabonyeza huku, akabonyeza kule. "Hapana, hapana. Murudishe. Adelaïde, murudishe!"

"Harudi, mama. Sikumuwekea njia ya kurudi."

Mama aliendelea kubonyeza mpaka mianzi ikajifunga. Halafu aliweka telefone chini, uso wake chini. Hakunipiga. Ningependa angenipiga.

Mama Adrienne alikuwa ameingia uani bila mtu kumzuia. Alishusha kuni polepole, akanyoosha shingo, akaniangalia.

"Miaka sita nilifunga," alisema. "Mutoto wangu wa tumbo sikumuambia. Weye uliambia telefone."

Nilipiga magoti kwenye matope nikasema nisamehe, Mama. Alipita kando yangu, akaenda kusimama mbele ya mkeka, nguo zikimdondoka maji. Mama yangu aliinua macho. Akavuta kitenge chake, akasogea, akampigapigia mkeka, mahali pa kukaa kando yake.

Pale palikuwa pangu. Mama Adrienne akakaa.